Kuupanda Mto Ruvu kwa Baiskeli

Mwezi wa Oktoba mwaka 2022, mvua za vuli zilipochelewa na Mto Ruvu ukapungua hata maji ya Dar es Salaam yakawa yanatolewa kwa zamu, mtaa huu leo na mtaa ule kesho, nilikesha usiku mmoja uani kwangu Kimara nimekalia ndoo iliyofudikizwa, nikingoja bomba lianze kukoroma kama ilivyo ada yake kila maji yanapokaribia. Halikukoroma. Nilikuwa nimekaa katika nyumba ile miaka 26, nimeyanywa maji hayo, nimewaogeshea watoto wangu wanne, nimeyatilia udhu alfajiri baada ya alfajiri, wala haikunipitikia moyoni hata siku moja kuuliza yatoka wapi. Jirani yangu, mwalimu wa sekondari mzaliwa wa upande wa Matombo katika Milima ya Uluguru, alikuwa amekesha vilevile upande wa pili wa ukuta. Na katika yale mazungumzo ya watu wasio na la kufanya isipokuwa kungoja, akaniambia maneno ambayo tangu hapo hayajanitoka.

"Mzee mwenzangu," alisema, "maji haya tunayoyangojea yanapita chini ya kitongoji cha mama yangu. Naye mama, aliyekaribia miaka themanini, huteremka korongoni kuyafuata kila asubuhi, kisha akapanda nayo kichwani."

Nilinyamaza kwa fadhaa. Sisi tulio kwenye mwisho wa mto tulikuwa tunalalama kwa kukosa bomba siku mbili, ilhali waliokaa kwenye chanzo chake, ambao wakikata misitu yao leo sisi tutakufa kiu kesho, hawakuwa na bomba hata moja la kulalamikia. Hapo ndipo lilipozaliwa shauri la safari ambayo nataka kuieleza, nalo liliendelea kukua miezi minane hata tukawa watu 17, wanaume 12 na wanawake watano, tulioazimu kutoka Kimara hadi Matombo kwa baiskeli, mwendo wa takriban kilomita 240 kwa siku tatu, kila mmoja akiwa amewatafuta ndugu, jamaa na wafanyakazi wenzake wa kumwahidi kiasi cha shilingi kwa kila kilomita atakayoikanyaga, na fedha hizo zikanunue mabomba ya maji ya mserereko, yaani maji yashukayo yenyewe kutoka mlimani pasipo injini wala mafuta.

Dada yangu mkubwa, ambaye kauli yake katika ukoo wetu haipuuzwi, alilipinga jambo hili mbele ya watu. "Ikiwa ni fedha," alisema, "changeni mzitume kwa simu, zitafika leo leo. Jasho lenu litamnywesha nani?" Swali hili lina haki ya kujibiwa, nami nililichukua njiani siku zote tatu kama mzigo wa ziada nyuma ya baiskeli. Nchi yetu si ngeni kwa safari za namna hii: mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, vijana walitembea masafa marefu kuliunga mkono, na mmoja wao, Seth Benjamin, akafariki njiani, na mwezi wa Oktoba mwaka huohuo Mwalimu Nyerere mwenyewe akashika njia kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, ingawa magari ya serikali yalikuwapo na yangemfikisha kwa saa chache. Tangu 2019 umekuwapo msafara wa baiskeli uitwao Twende Butiama, utokao Dar es Salaam ukavuka nchi zaidi ya kilomita 1,000 hata nyumbani kwa Mwalimu kwa ajili ya kumbukumbu yake, na njiani wenye msafara hupanda miti na kutoa madawati mashuleni. Watu hawa wote walijua kuna njia nyepesi zaidi. Waliiacha kwa kujua, na sababu yao mimi niliielewa barabara siku ya tatu, katika kilima kimoja kabla ya Kiroka, kama nitakavyosimulia.

Tuliondoka Jumamosi ya kwanza ya Julai 2023, saa kumi na moja alfajiri, kipupwe kikiwa kimeshika na mikono ikifa ganzi juu ya usukani. Kutoka Kimara hadi Kibaha barabara ina njia nane, pana kama uwanja, na kwa saa ile tuliipata karibu tupu. Baada ya Kibaha ikajikunja ikawa njia mbili, na malori ya kwenda bara yakaanza kutupita kwa mfululizo, kila moja likitusukuma kwa upepo wake kisha likatuvuta kulifuata. Mlandizi tulipumzika tukanywa chai. Hapo ndipo penye mtambo wa Ruvu Juu, uliojengwa 1959, ambao mpaka leo huyachota maji ya mto na kuyapeleka mjini. Na mwalimu wetu, yule jirani yangu, aliyekuwa kiongozi wa msafara, akatuonya tusiondoke kabla hatujauangalia mto wenyewe.

Basi tulisimama darajani tukauangalia Ruvu. Nilitazamia kuona maji. Nikaona udongo utembeao, rangi yake kama chai iliyotiwa maziwa, ukienda taratibu pasipo sauti. Mwalimu hakuhutubu. Alisema tu kwamba rangi ile ni mashamba ya kwao, yateremkayo mlimani kila mvua inyeshapo, na kwamba wenye mtambo hawana budi kuyachuja mashamba hayo kabla sisi hatujatia maji bilaurini. Nilipopanda tena baiskeli nilikuwa na hakika, kwa mara ya kwanza, kwamba neno sadaka halikuifaa safari yetu. Sadaka humtoka mwenye nacho kwa hiari yake, akashukuriwa. Sisi tulikuwa wadaiwa tunaopeleka sehemu ndogo sana ya deni la miaka mingi, na mdaiwa akilipa hangoji kupigiwa ngoma.

Mbele ya Mlandizi basi moja la abiria, likishindana na jingine, lilimsukuma msichana mdogo kuliko wote katika msafara wetu hadi akaanguka nje ya lami, kiwiko kikachunika na gurudumu la mbele likapinda njiti. Dereva hakusimama. Waliosimama ni kina mama waliokuwa wakiuza mahindi ya kuchoma kando ya njia, wakamwosha jeraha kwa maji ya dumu lao la kunywa, wakamfunga kwa kipande cha kanga, na walipoambiwa tunakokwenda mmoja wao akafungua pindo la kanga yake akatoa shilingi elfu moja. Katika orodha ya fedha tulizochangiwa, ambayo ninayo hata sasa, elfu moja ile nimeiandika katika mstari wake peke yake. Usiku tulilala Chalinze, na sina la kusimulia juu ya Chalinze isipokuwa usingizi.

Siku ya pili hutoka mtu Chalinze akaelekea magharibi katika nchi ya vichaka na miiba, kupitia Ubena Zomozi na Bwawani, jua likizidi kupanda na masafa yakionekana kutopungua. Na katika uchovu ule, mtu akiwa hatazami tena ila gurudumu la mwenzake lililo mbele, hutokea upande wa kushoto kitu ambacho kwanza hudhaniwa ni wingu zito lililolala chini. Huendi mbali ila wingu lile limeshika rangi ya buluu, kisha likapata migongo na mabonde, kisha likawa Uluguru. Nimeiona Kilimanjaro mara nyingi, nayo ni mlima wa fahari usimamao peke yake kama sultani. Uluguru si hivyo. Ni safu ya milima iliyokaa pamoja kama watu wa nyumba moja, Lupanga juu ya mji wa Morogoro ikiwa na zaidi ya mita 2,100, Bondwa na minara yake ubavuni, na Kimhandu huko kusini, iliyo juu kuliko zote, ikipita mita 2,600. Na mawingu ya bahari, yakiisha kusafiri bara pasipo kukutana na kizuizi, hujikwaa hapo yakaacha mvua zao, hasa upande wa mashariki, ambako kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 2,000. Huko ndiko tulikokuwa tukienda.

Karibu na Mikese tairi langu la nyuma lilipasuka kwa kipande cha waya, na chini ya mkwaju tukamkuta fundi baiskeli, mzee wa makamo aliyekuwa na beseni la maji, solusheni, viraka vilivyokatwa katika tyubu kuukuu, na pampu ya mguu. Aliitia tyubu katika beseni akaangalia povu linapotoka, akaisugua, akaipaka, akangoja solusheni ikauke kwa subira ya mtu aswaliye. Na alipomaliza nikamwuliza ujira wake.

"Mmesema mnapeleka maji Matombo?" akauliza.

"Ndiyo, kaka yangu."

"Basi andika jina la baiskeli hii katika hiyo orodha yenu. Mimi nimekwisha toa."

Tuliingia Morogoro alasiri. Msamvu tulishuka tukakokota baiskeli kwa miguu pasipo kuambiana, kwa kuwa hapo, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka kisha likalipuka, na zaidi ya watu mia moja wakapoteza roho zao katika mkasa ambao nchi nzima iliulilia. Waliokuwa Waislamu miongoni mwetu walisoma Fatiha, Wakristo wakainamisha vichwa, na bodaboda waliokuwa wakipiga kelele wakanyamaza walipotuona. Jioni mji ulitupokea vizuri. Wenyewe huuita mji kasoro bahari, wakimaanisha kwamba kila jema limetimia hapo isipokuwa pwani; na mtu aliyekulia katika santuri za Mbaraka Mwinshehe na za Salum Abdallah wa Cuban Marimba, wote wawili watu wa hapa na wote wawili waliochukuliwa na ajali za barabarani kabla ya kuzeeka, hawezi kukaa barazani Morogoro usiku, milima imesimama nyuma ya nyumba kama pazia jeusi, pasipo kuona kwamba sifa ile si ya uongo.

Siku ya tatu ndiyo safari yenyewe. Ukiacha mji kwa njia ya Bigwa unakuwa umeiacha nchi tambarare, na kabla ya Kiroka barabara hupanda kwa namna ambayo gia zote za baiskeli za kisasa huisha, kisha hubaki mapaja na nia. Katikati ya kilima kile, nikiwa nimeinamia usukani, kifua kikiwaka na jasho likinichoma macho, nilisikia nyuma yangu sauti ya kijana ikisema kwa adabu, "Samahani mzee wangu, nipishe kidogo," na hapo akanipita akiwa anasukuma kwa miguu Phoenix ya zamani isiyo na gia hata moja, nyuma yake imefungwa magunia mawili ya mahindi kwa mipira. Alikuwa amezipeleka ndizi sokoni Morogoro tangu usiku, mikungu mitatu, akiteremka kilima hiki gizani huku amekanyagia kandambili kwenye tairi kwa kuwa breki hazitoshi kuuzuia mzigo ule. Na sasa alikuwa anarudi na chakula cha nyumbani. Nilimwuliza hufanya hivyo mara ngapi. Akajibu kwamba mara tatu kwa wiki, tangu alipoacha shule. Tulisindikizana hadi kileleni, mimi nikiwa nimeshuka kwa heshima yake nikikokota kando, naye akanieleza bei ya ndizi, bei ya tyubu, na jinsi mvua za masika zinavyoikata njia.

Hapo ndipo lilipokuja jibu la dada yangu. Fedha ingefika kwa simu, ni kweli, lakini isingekutana na kijana huyu. Mtu aliyeyapita mapandio yale katika gari hujua kwamba Matombo ni mbali. Aliyeyapanda kwa pumzi zake hujua mbali ile ina uzito gani juu ya bega la mtu, na mama wa miaka karibu themanini apandapo kutoka korongoni na ndoo ya lita ishirini hupanda mapandio gani. Nasema kwa dhati kwamba sikuijua taabu ile mpaka nilipoionja kwa saa moja na nusu. Nayo kwangu ilikuwa na mwisho.

Kutoka Kiroka hadi Mkuyuni na Matombo nchi hubadilika ikawa neema tupu. Vijito huvuka barabara kila baada ya mwendo mfupi. Migomba imeshikana na mafenesi, minazi inaota mbali na bahari kana kwamba imesahau kwao, na katika miteremko wenyeji wamepanda karafuu, pilipili manga na mdalasini, hata mtu wa Unguja angedhani amerudi nyumbani. Watoto walitukimbilia wakiita hesabu ya baiskeli. Matombo, kama wenyeji wanavyolieleza jina hilo, ni maziwa ya mama, kwa ajili ya mawe mawili yaliyosimama mlimani kwa umbo hilo. Na sijui jina gani jingine lingeustahili mlima unaonyonyesha mji wa mamilioni ya watu.

Tulidhani kazi iliyobaki ni kukabidhi fedha na kupiga picha. Jioni ile, katika mkutano chini ya mwembe, mama yake mwalimu, aliyekuwa amekaa mkekani na wanawake wenziwe, alitusikiliza hadi mwisho tulipoeleza mpango wetu, kwamba tangi lijengwe karibu na shule na maji yatoke katika kijito kilicho juu yake. Tulimwamkia wote, "Shikamoo bibi," akaitikia marahaba. Kisha akauliza swali moja. "Wazungu walikuja na kamba ya kupimia. Ninyi mmekuja na nini?"

Vijana wetu hawakufahamu. Mimi nilifahamu kidogo kwa sababu nilipata kuisoma habari ile. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni, ikiwa imeona udongo wa Uluguru unavyoteremka na kuuchafua mto, iliwaamuru Waluguru wachimbe matuta ya ngazi katika miteremko yao, kila kaya kwa kipimo chake, na asiyechimba ashtakiwe. Serikali ilikuwa na hoja ya kweli na njia mbaya. Udongo wenye rutuba milimani ni tabaka jembamba, na ngazi zile zilifukua udongo mfu wa chini zikauweka juu, mazao yakadhoofu; tena watu, ambao ardhi yao huishika kwa lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama, na kurithishana humo, waliingiwa na hofu kwamba yeye apimaye shamba leo atalitwaa kesho. Mwaka 1955 ghasia zikazuka, polisi wakafyatua risasi, mtu akauawa, na mpango wote ukaachwa. Bibi yule alikuwa mtoto. "Sisi tulifichwa migombani," alisema, "tukasikia."

Mwalimu alisimama mbele ya mama yake, na ingawa alikuwa kiongozi wetu aliyetupitisha katika malori na jua, alisema kwa sauti ya mtoto wa nyumbani, "Tumekuja kuuliza, mama."

Basi tukauliza, na kuuliza kule kulichukua usiku ule na siku nzima iliyofuata. Ilidhihirika kwamba kijito tulichokichagua, ambacho katika Julai kilikuwa kinatoa maji ya kuridhisha, hukauka kila Januari. Kila mwanamke pale alilijua jambo hilo, na hakuna aliyekuwa amewauliza. Chemchemi isiyokauka iko juu zaidi, kwenye ukingo wa msitu wa hifadhi, katika ardhi ya lukolo nyingine, na haikuwa halali kuigusa pasipo ridhaa ya wazee wake, wengi wao wanawake. Walikutana, wakashauriana kwa Kiluguru, wakaridhia kwa sharti moja: miti ya asili iliyoizunguka chemchemi isikatwe hata mmoja, na mingine iongezwe. Mabomba yakahitajiwa marefu kuliko tulivyokadiria, na tangi likatoka shuleni likaenda kwenye njia panda ya vitongoji viwili. Mpango ule tuliokuja nao kutoka Kimara ulifutwa karibu wote, na nathubutu kusema kwamba hiyo ndiyo ilikuwa faida kubwa ya safari nzima.

Alfajiri ya siku ya kurudi nilipanda na bibi hadi chemchemini. Hakuwa na haja ya kwenda, lakini alitaka nipaone. Alitangulia, pekupeku, bila kuhema. Mimi nikafuata nikishika mizizi. Juu kabisa, baridi ikiwa kali na ukungu ukidondoka kutoka majanini kama mvua ndogo ingawa mbingu zilikuwa wazi, alinionyesha maji yakitoka chini ya jiwe, membamba, yasiyo na rangi yoyote. Niliyachota kwa viganja viwili nikanywa. Nilikuwa nimeyanywa miaka 26 bila kuijua ladha yake.

Ahadi zetu zote zilipokusanywa zilipatikana shilingi milioni 11 na ushee. Kijiji kilichimba mtaro kwa msaragambo, kila kitongoji na siku zake, na mhandisi wa maji wa wilaya akapima mteremko. Bomba la kwanza, penye njia panda, lilifunguliwa mwezi wa Februari 2024, na bibi ndiye aliyejaza ndoo ya kwanza. Miti 300 imepandwa kuizunguka chemchemi. Zimebaki mita 700 za bomba kulifikisha tawi la pili kwenye zahanati, nazo fedha zake bado hazijatimia. Tutaondoka tena Kimara Jumamosi ya kwanza ya Julai, saa kumi na moja alfajiri. Mwenye baiskeli yenye breki nzuri na aje, na asiyeweza kuja amwahidi aendaye chochote kwa kila kilomita.